Petroli ya Baba Mkwe

Shaka ni kitu ambacho Gia hakuzaliwa nacho. Wengine huzaliwa bila sauti ya kuimba, wengine bila subira. Yeye alikosa shaka, na wala hakuwahi kuitafuta. Ukimwuliza njia, atakuonyesha kabla hujamaliza kuuliza. Ukimwambia jana ulipita huko ukakuta barabara imefungwa, atakujibu kwamba basi leo itakuwa imefunguliwa, na ajabu ni kwamba mara nyingi unaikuta imefunguliwa kweli. Jina la Gia alipewa na mawifi zake mwezi ule ule alioolewa, kwa kuwa kila jambo kwake lilikuwa na gia yake. Mtoto akilia sana, ashushiwe gia. Mgeni asiyetaka kuaga, atiwe gia ya kurudi nyuma. Alikuwa dereva, ameendesha malori ya mchanga na ya magogo tangu usichana wake, na mikono yake ilikuwa migumu kuliko ya mume wake, jambo ambalo mume wake mwenyewe alipenda kuwasimulia wateja.

Mume huyo alikuwa fundi cherehani, na alikuwa fundi cherehani kwa sababu moja tu. Nyumba yao ilikuwa nyumba ya wafuga nyuki, na yeye akiumwa na nyuki hata mmoja, uso unaumuka mpaka macho yanapotea. Kwa hiyo mwana alijifungia ndani na vitambaa vyake, baba yake akabaki nje na mizinga. Mzee alikuwa mrefu, mwenye sauti ya chini na magoti mabovu, na mizinga ilikuwa ya mbao, imepangwa nyuma ya nyumba safu kwa safu, yote imepakwa rangi ya samawati na marehemu mke wake. Nyuki walikuwa wa mama yule kabla ya kuwa wa mzee. Ukitaka kumwona mzee amekasirika, paka mzinga mmoja rangi nyingine.

Sasa, kila mwaka jua linapokausha maua ya bondeni, mizinga huhamishiwa shambani kwao mlimani, ambako maua ndiyo kwanza yanafunguka. Kazi hiyo haina mzaha. Jioni, nyuki wote wakisharudi, milango inafungwa kwa wavu na mizinga inapakiwa kwenye trela. Alfajiri gari linaondoka, na likishaondoka halisimami, maana upepo wa mwendo ndio unaowapoza nyuki waliofungiwa. Gari likisimama juani, mzinga unageuka tanuri. Nta inayeyuka, masega yanaporomoka, na nyuki wanazama ndani ya asali yao wenyewe.

Mwaka uliotangulia, kabla Gia hajaolewa, ndivyo ilivyokuwa. Pikapu la zamani lilifia katikati ya mlima, dereva wa kukodi akafungua boneti, akaduwaa, akakuna kichwa, na jua likapanda. Karibu nusu ya mizinga iliisha. Mzee hakupenda kulizungumza jambo hilo, lakini jioni moja, wakinywa chai kibarazani, alimsimulia mkwe wake.

"Niliwazoa kwa koleo, mama," alisema. "Nilitia mkono mtupu ndani ya mizinga, bila glavu, bila kofia, nikawatoa konzi kwa konzi. Na unajua? Hakuna hata mmoja aliyeniuma. Hata mmoja! Niliomba aniume angalau mmoja."

Gia akamwongezea chai.

"Safari hii wakifa tena," mzee alisema, "iliyobaki naigawa. Ataichukua anayeitaka. Mimi si mchimba makaburi."

Hakusema kwa hasira, na hapo ndipo Gia alipojua kwamba anamaanisha. Alikuwa amemwona mzee kila asubuhi, anavyopita kati ya safu akigonga kila mzinga kwa kidole na kuweka sikio, anavyosema na marehemu mkewe kwa sauti ndogo huku akidhani hasikiki. Mtu huyu akigawa mizinga, atakaa kibarazani akitazama ukuta, na hatakaa muda mrefu. Gia alikata shauri palepale: nyuki watapanda mlima, na watapanda wakiwa hai, na atakayewapandisha ni yeye.

Basi pikapu la zamani likauzwa. Jipya lililoletwa lilikuwa la petroli, lenye injini ndogo na turbo, na majirani walipoona udogo wa injini walicheka.

"Hii ndiyo ya kuvuta trela?" aliuliza mmoja.

"Hii ndiyo ya kukuvuta wewe na nyumba yako," alijibu Gia. "Na mama mkwe wako juu ya bati."

Kicheko kikahamia upande mwingine. Lakini ndani ya nyumba kulikuwa na mabishano ambayo hayakuisha kwa kicheko, nayo yalihusu petroli.

Mzee alikuwa na imani yake. Kwenye stoo, kando ya pipa la mashine ya kukamulia asali, aliweka madumu ya petroli isiyochanganywa na ethanoli, ambayo aliifuata mbali, kwa muuzaji anayewauzia watu wa misumeno ya kukatia miti. Miaka ya nyuma alikuwa akiliwekea jenereta lake la kuendeshea mashine hiyo petroli ya kituoni, iliyochanganywa, na lilipokaa msimu mzima bila kuwashwa, ethanoli ilivuta maji, kabureta ikaziba kwa uchafu wa kijani, na mavuno yakakwama. Tangu siku hiyo, kwake, petroli ilikuwa ya aina mbili tu, safi na haramu.

"Ethanoli ni pombe," alisema. "Mtu akinywa pombe analegea. Gari je?"

"Baba, gari hili halilali na petroli," alisema Gia. "Jenereta lako linakaa miezi na mafuta yale yale tumboni, ndiyo maana yanaoza. Hili linameza tangi zima kabla ethanoli haijajua iko wapi. Ya kuangalia hapa ni oktani."

"Hiyo oktani ndiyo nini? Nguvu?"

"Wala siyo nguvu. Ni uvumilivu." Gia alisukuma kikombe pembeni, mikono yake haikuwa na uwezo wa kutulia akielezea injini. "Turbo inashindilia hewa ndani ya injini kwa nguvu. Mgandamizo ukizidi, petroli isiyo na uvumilivu inalipuka kabla ya zamu yake, na injini inagonga. Kompyuta ya gari ikisikia inagonga, inachelewesha cheche ili isivunje kitu. Injini inapona, lakini nguvu zinapungua na joto linapanda. Petroli ya oktani ya juu inasubiri zamu yake, basi. Kwenye barabara tambarare, bila mzigo, ukiweka ya juu unapoteza bure, hutaona tofauti. Mlimani na trela, utaiona kwa macho."

"Nani kasema?"

"Hata kibandiko kwenye kifuniko cha tangi kimesema. Ya kawaida inafaa, ukivuta mzigo mzito weka ya juu."

"Kibandiko hakijawahi kupanda mlima," alisema mzee.

Haya. Gia hakuwa mtu wa kuachia neno hilo lipite. Alijaza mapipa ya maji kwenye trela, uzito wa mizinga na zaidi, akamketisha mzee mbele, wakapanda mlima. Mara ya kwanza alitia petroli ya kawaida ya kituoni. Injini ilihema, ikashuka gia mpaka ya pili, mshale wa joto ukaanza safari yake, na nusu ya mlima Gia akasimama kando ili ipoe. Siku nyingine, baada ya tangi kukauka, alitia ya oktani ya juu, mapipa yale yale, mlima ule ule. Gari lilipanda kwa gia ya tatu likinguruma vizuri, na kule juu Gia alizima injini akamgeukia mkwe wake akiwa amejaa tabasamu mpaka masikioni.

"Umeona?"

"Nimeona," alisema mzee.

"Na zote mbili zina ethanoli, baba. Kwa hiyo siyo ethanoli."

Mzee alitazama nje ya dirisha, akanyamaza. Gia alidhani ameshinda. Hilo ndilo tatizo la watu wasio na shaka: mtu akinyamaza mbele yao, wanamhesabu kuwa amekubali. Mzee hakuwa amekubali. Alikuwa anajiuliza, ikiwa petroli ya juu yenye pombe inafanya vizuri hivi, ile safi ya stoo itafanya vipi? Lakini hakusema, kwa kuwa mkwe wake alikuwa na furaha, na yeye hakupenda kumkata mtu furaha.

Ikafika jioni ya kufunga mizinga. Mzee alifunga milango mmoja mmoja, akinong'ona, na Gia akapakia na kufunga kamba, akivuta kila fundo mara mbili. Mume wake alisimama ndani, nyuma ya dirisha lililofungwa, akitoa amri ambazo hakuna aliyezisikia. Nyuma ya pikapu walipakia jenereta, pipa la kukamulia asali, sanduku la kofia za wavu na glavu, na madumu ya maji. Tangi la gari lilikuwa karibu tupu, na Gia aliliacha hivyo kwa makusudi. Kituo cha petroli kilikuwa njiani, kinafungua mapema; alfajiri angejaza ya juu, mpya, hadi juu, asiichanganye na kitu. Aliingia kulala akiwa na amani ya mtu aliyefanya kila kitu.

Alfajiri alipowasha gari, mshale wa mafuta ulipanda mpaka ukagota.

"Ala! Nani kajaza?"

"Nimejaza mimi," alisema mzee, akipanda kwa taabu, goti moja kisha jingine. "Twende, tusipoteze muda kituoni."

Gia akafurahi. Akafikiri, mzee jana jioni alituma madumu kituoni, ameleta ile ya juu, amenipunguzia kazi. Hakuuliza. Angeuliza vipi, wakati jambo lenyewe lilishakwisha, alishalithibitisha kwa mapipa ya maji? Aliachia breki, wakaondoka, na mume wake akawapungia mkono dirishani akiwa amejifunga taulo kichwani, asije akavamiwa na nyuki aliyepotea njia.

Barabara ya bondeni waliikata kwa raha. Kituo cha petroli kilipita upande wa kushoto, taa zake zikiwaka, na Gia hata hakukitazama. Gari lilikuwa jepesi, mzee anapiga miluzi, trela nyuma likivuma kwa sauti ya maelfu ya nyuki waliochukia safari. Huwezi kujua petroli ni ipi ukiwa bondeni, Gia mwenyewe alikuwa amelisema hilo.

Mlima ndio uliosema. Kona ya kwanza walipita salama. Ya pili, Gia alikanyaga mafuta akasikia mguu wake unakwenda chini na gari halijibu. Gari likashuka gia lenyewe, ya tatu, halafu ya pili. Aliukodolea macho mshale wa joto, akatega sikio. Injini ilikuwa inahema vile vile ilivyohema siku ya mapipa, siku ile ya kwanza.

"Baba," alisema, taratibu. "Hii petroli umeinunua wapi?"

Mzee akaacha kupiga miluzi. "Ya stoo, mama. Ile safi. Nimemimina madumu yote."

Gia aliijua petroli ile. Muuzaji wa misumeno aliuza oktani ya kawaida tu, tena ya chini kidogo kuliko ya kituoni, kwa kuwa msumeno hauna turbo na hauna mlima. Safi ilikuwa safi kweli, haikuwa na tone la pombe, na haikuwa na uvumilivu.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilitaka upate iliyo bora kuliko zote," alisema mzee. "Nilikuwa nimeiweka kwa ajili ya jenereta kwa msimu mzima. Nikasema, acha jenereta. Nyuki kwanza."

Hapo mtu mwingine angepiga kelele, na Gia alikuwa na kelele za kutosha kifuani. Alimtupia mzee jicho, akamwona ameshika goti lake kwa mikono miwili, anatazama kioo cha pembeni ambamo trela lilionekana. Mzee alikuwa ameshaelewa. Gia akazimeza zile kelele kama zilivyo.

"Kosa letu wawili," alisema. "Wewe hukusema, mimi sikuuliza. Shika vizuri."

Kugeuza haikuwezekana; barabara ilikuwa nyembamba, korongo kushoto, ukuta wa mwamba kulia, na trela refu. Kuongeza petroli nzuri juu ya hii haikuwezekana, hata kama ingeshuka kutoka mbinguni, maana mzee alikuwa amelijaza tangi mpaka mdomoni. Kulikuwa na njia moja tu, nayo ilikwenda juu. Gia alizima kiyoyozi. Akafungua madirisha yote, akawasha hita kwa nguvu zake zote ili ivute joto kutoka kwenye injini, na ndani ya gari mkawa kama jikoni. Akapunguza mguu, akaliacha gari litambae, asiipe turbo sababu ya kushindilia.

"Unaniunguza," alisema mzee, jasho likimtiririka.

"Wewe huna wavu mlangoni, baba. Vumilia."

Walitambaa. Mshale wa joto ulipanda, ukasimama, ukapanda tena. Ukingo wa mlima uligeuka dhahabu, halafu jua likachomoza na kuwapiga usoni. Sauti ya trela ilibadilika. Ule mvumo mnene ukawa mwembamba na mkali, kwa kuwa nyuki waliokuwa wanalalamika sasa walikuwa wanapepea mbawa zao kupoza mizinga. Mzee aliijua sauti ile. Aliisikia mwaka jana, kwa muda, kabla ya kimya.

"Wameanza kuchemka," alisema.

Kwa mara ya kwanza maishani, Gia alipata shaka. Ilimwingia bila hodi, ikakaa kifuani, na hakujua namna ya kuishika. Mbele yao kulikuwa na kipande cha mwisho, kile kikali kuliko vyote, ambacho siku ya mapipa hata petroli ya juu ilikipanda kwa kukaza meno. Kwa hali hii gari litafika katikati, kompyuta itakata nguvu, na watasimama hapo hapo juani. Alikuwa amejitapa mbele ya majirani, mbele ya mume, mbele ya mzee huyu. Lakini hayo yote aliyaona madogo. Alichokiona ni koleo.

"Baba, gari ni zito," alisema.

Mzee aligeuka, akatazama nyuma ya pikapu, pale palipokuwa na jenereta, pipa la kukamulia, madumu ya maji. Hakuhitaji kuelezwa.

"Simama kwenye kile kivuli," alisema. "Haraka."

Kilikuwa kivuli cha mwamba, chembamba, kinatosha trela kwa dakika chache. Mzee aliyekuwa akipanda gari kwa taabu aliteremka kama hana magoti. Akachukua dumu la maji, akamwaga juu ya mizinga, kwenye wavu wa milango, safu ya chini, safu ya juu, dumu la pili, la tatu, huku Gia akiburuta jenereta mpaka ukingoni na kulishusha kwa mgongo na matusi. Wakashusha pipa la kukamulia. Wakashusha sanduku. Gia akamshika mzee mkono amrudishe ndani ya gari.

"Na mimi ni mzigo," alisema mzee, akautoa mkono wake. Aliketi juu ya sanduku, akaegemeza mgongo kwenye mwamba. "Nenda."

"Baba, siwezi kukuacha barabarani!"

"Utanikuta. Mimi sina nta ya kuyeyuka." Alijaribu kutabasamu, akashindwa. Kisha akasema kwa sauti ile ya chini, "Mama, mwaka jana nilikuwepo. Leo sitaki kuwepo. Niache, nenda, na kama ni mabaya, usiwafungue. Njoo unichukue tu, twende nyumbani."

Gia alipiga moyo konde, akaruka ndani. Aliliondoa gari polepole sana, gia ya kwanza, bila kulishtua, na lilipoanza kushika mwendo akaanza kusema nalo kwa sauti, yeye aliyewacheka watu wanaosema na magari. Twende, mama. Pole pole, mama. Usikasirike, hii petroli siyo kosa lako, twende. Mshale wa joto uligusa mstari mwekundu, ukaugusa tena, ukabaki hapo unatetemeka. Hakupunguza mafuta, hakuongeza. Katikati ya mwinuko mkali injini iligonga mara mbili, alisikia wazi, na akaupunguza mguu kwa unene wa unyasi. Gari likaendelea kutambaa. Kona. Kona nyingine. Halafu pua ya gari ikainama, barabara ikalala, na mbele ya kioo akaona shamba, limefunikwa maua mpaka kwenye uzio.

Alishuka injini ikiwa bado inawaka, akakimbilia trela. Sauti ilikuwa imefifia. Alifikia nyuma kutafuta kofia na glavu, mkono ukapapasa bati tupu, na hapo ndipo alipokumbuka mzee amekalia sanduku gani kule chini. Akasimama sekunde moja hivi.

"Liwe liwalo," alisema Gia, akautia mkono mtupu kwenye mlango wa mzinga wa kwanza.

Jua lilikuwa juu na kivuli cha mwamba kilikuwa kimemwishia mzee miguuni alipolisikia gari linateremka. Hakuligeukia. Tangu alipoachwa alijaribu kukaa kimya akashindwa, kwa sababu kila upepo ulipovuma alidhani anasikia trela limesimama. Basi akalivuta jenereta kamba, bila kuwa na kazi nalo, ili tu kuwe na kelele. Liliwaka kwa mvuto mmoja, baada ya kukaa msimu mzima, na lilikuwa linaunguruma pale ukingoni, halijaunganishwa na chochote, nalo likila tone la mwisho la petroli safi iliyobaki tumboni mwake.

Gia alisimamisha gari. Trela hakuwa nalo. Alitembea mpaka ubavuni mwa mzee akasimama.

"Usiniambie bado," alisema mzee, akitazama korongoni. "Ngoja hili lizime kwanza."

Wakasubiri. Jenereta likakohoa, likakohoa tena, likanyamaza, na mlima mzima ukawa kimya. Mzee hakugeuka. Mabega yake yalikuwa yamejikunja, na Gia aliona mkono wake umeshika ukingo wa sanduku. Akazunguka, akachuchumaa mbele yake, ili amwone.

Mzee akainua macho. Jicho la kushoto la mkwe wake lilikuwa limezibika kabisa. Mdomo wa juu ulikuwa umetuna, sikio moja jekundu, na mikono yote miwili imevimba mpaka pete ya ndoa imezama nyamani.

"Nani kakufanya hivi?" aliuliza mzee.

"Nyuki wako," alisema Gia kwa mdomo ule mnene. "Kofia si umezikalia wewe?"

"Mzinga gani?"

"Yote, baba! Kila niliofungua, walinipokea. Wana hasira hao, sijawahi kuona. Wameniona mimi ndiye niliyewapika."

Mzee aliukamata uso wake kwa mikono miwili, akaugeuza huku na huku kwenye mwanga, akihesabu uvimbe kwa macho kama mtu asiyeamini alichopewa. Kisha akaanza kucheka, na kicheko kikapasuka katikati kikawa kilio, na hakuona haya. Machozi yalimshuka mashavuni akaacha yashuke.

"Wanauma," alisema. "Mkwe wangu, wanauma!"

"Nimekuambia wanauma! Baba, taratibu, hilo jicho."

"Tulia," alisema mzee. Alipangusa macho yake kwa mkono wa shati, akatanguliza ukucha wa kidole gumba, kama marehemu mkewe alivyomfundisha, na kwa upole sana akaanza kuparua miiba iliyobaki kwenye shavu la Gia, mmoja mmoja, akiiweka kwenye kiganja chake.